Mikono Iliyo Nyuma ya Bastola: Miaka 70 ya Karakana ya Fort Benning

Kileleshwa ya leo imejaa maghorofa, lakini kwenye vibanda vya kando ya barabara zake bado hakukosi fundi cherehani. Mara nyingi mashine yake ni ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, yenye jina lililoandikwa kwa rangi ya dhahabu: Singer. Wapita njia humwachia suruali ya kupunguzwa wakaendelea na safari zao, na ni wachache wanaojua kwamba kampuni iliyotia jina lake kwenye chuma hicho iliwahi kuunda bastola. Zilikuwa 500 tu. Mwaka 1940 Jeshi la Marekani liliipa Singer oda ndogo ya majaribio, ili lione kama kiwanda cha cherehani kingeweza kujifunza kuunda silaha iwapo vita vingeifikia nchi hiyo. Singer ikaziunda, ikazikabidhi, kisha ikahamishiwa kwenye kazi ya vifaa vya kuongozea mizinga. Siku hizi bastola hizo hukaa kwenye makabati ya vioo, na zikifika mnadani huuzwa kwa bei ghali sana.

Kazi ya bastola ilihamia kwa wengine. Remington Rand, jina ambalo makarani wa zamani walilijua kwa taipureta, iliunda zaidi ya laki nane. Union Switch & Signal, waliokuwa watu wa ishara za reli, waliunda zao. Ithaca, mafundi wa bunduki za kuwindia ndege, nao wakaunda. Colt, wenye asili ya bastola yenyewe, hawakuacha.

Wote walikuwa wakiunda bastola ile ile: M1911A1, toleo lililorekebishwa la bastola iliyobuniwa na John Browning na kupokelewa rasmi na jeshi tarehe 29 Machi 1911, baada ya kupigwa risasi 6,000 katika jaribio moja bila kukwama. Mtutu wake ni wa kipenyo cha milimita 11.43. Ikiwa tupu ina uzito wa kilo moja na gramu 100 hivi, na hubeba risasi saba kwenye magazini. Sharti la jeshi lilikuwa moja: kipande kilichotoka kwa watu wa taipureta lazima kiingie, bila kupigwa tupa, kwenye bastola iliyotoka kwa watu wa reli. Ili hilo liwezekane, vipande viliachiwa nafasi. Ndiyo maana bastola ya vita ukiitikisa, inalia.

Bastola inayolia hufyatua hata ikiwa na matope na mchanga. Kwa askari aliye handakini, hiyo ni baraka. Kwa askari aliyesimama yadi 50 kutoka kwenye karatasi ya shabaha, mkono mmoja umenyooka mbele na wa pili umetulia mfukoni, ni msiba. Huko Georgia, kusini mwa Marekani, kuna karakana ambayo kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kuinyamazisha bastola hiyo. Mwaka 2026 kikosi chenye karakana hiyo kinatimiza miaka 70.

Kikosi chenyewe ni Kikosi cha Shabaha cha Jeshi la Marekani, ambacho wanaokijua hukiita AMU. Kilizaliwa tarehe 1 Machi 1956 katika kambi ya Fort Benning kwa agizo la Rais Dwight Eisenhower, jenerali wa zamani aliyejua maana ya askari kukosa shabaha. Chanzo kilikuwa aibu. Wasovieti waliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1952 huko Helsinki, na miaka miwili baadaye, kwenye ubingwa wa dunia wa shabaha huko Caracas, Venezuela, wakazoa medali kiasi cha kuwashangaza wenyeji wa mchezo. Marekani haikuwa bila bingwa. Huelet Benner, sajini wa jeshi, alikuwa ametwaa dhahabu ya bastola ya mita 50 huko huko Helsinki. Lakini bingwa mmoja hafanyi timu, na upande wa pili kulikuwa na dola iliyoufanya mchezo wa shabaha kuwa kazi ya serikali, kuanzia kocha hadi kiwanda. Mjini Tula, mji wa mafundi wa silaha tangu enzi za wafalme wa Urusi, ziliundwa bastola za mashindano zilizobuniwa na Efim Khaidurov, mhandisi ambaye mwenyewe alikuwa mlenga shabaha, na zikaja kutumiwa na mabingwa wa nchi nyingi.

Kushindana kwa bunduki hakukuwa jambo jipya kwa Wamarekani. Bodi ya taifa ya kuendeleza ulengaji iliundwa mwaka 1903, Theodore Roosevelt akiwa rais. Ndiye yule aliyeteremka Mombasa Aprili 1909 na kupanda treni ya kuja bara kuwinda. Tangu 1907 mashindano makuu ya taifa yamekuwa yakifanyika Camp Perry, kambi iliyo kando ya Ziwa Erie katika jimbo la Ohio, ambako askari na raia hupiga shabaha mstari mmoja. Bastola za mashindano nazo zilikuwa na kwao. Kuanzia 1955 ghala kuu la silaha la Springfield, katika jimbo la Massachusetts, lilichukua bastola za vita, likazifanyia kazi upya na kuzigonga herufi NM kuonyesha kwamba ni za mashindano ya taifa. Ghala hilo lilifungwa mwaka 1968.

Jambo jipya mwaka 1956 lilikuwa mpangilio. Mlenga shabaha na fundi wake waliwekwa kambi moja. Kiwanda kilicho mbali hutengeneza bastola nzuri kwa ajili ya mtu wa wastani, mtu asiyekuwapo duniani. Fundi wa Fort Benning alitengeneza kwa ajili ya sajini fulani, mwenye kiganja fulani, aliyelalamika asubuhi ya leo kwamba risasi zake zinaelea kushoto. Mchana sajini huyo angeweza kusimama mbele ya meza ya fundi na karatasi yake iliyotobolewa, wakaitazama pamoja. Kati ya maamuzi yote yaliyofanywa na kikosi hiki katika miaka 70, huo ndio uliozaa mengine, na haukuhitaji uvumbuzi wowote. Ulihitaji tu mtu wa kuona kwamba medali hutoka mahali pawili: uwanjani na mezani pa fundi.

Ili kuelewa fundi huyo alikuwa akifanya nini, tuifungue bastola.

Juu ya fremu, yaani kiunzi chenye mpini, hukaa kipande kirefu cha chuma kinachoteleza mbele na nyuma. Mafundi hukiita slaidi. Ndani ya slaidi umo mtutu. Kidole kikivuta triga, nyundo ndogo ya nyuma huachiliwa, hugonga pini, pini hugonga kitako cha risasi, na baruti huwaka. Risasi huenda mbele, slaidi hurudi nyuma. Kwa safari fupi ya kwanza slaidi na mtutu hurudi pamoja vikiwa vimeshikana kwa meno yaliyo juu ya mtutu. Kisha kiungo kidogo kilicho chini ya mtutu, kinachofanana na pingili ya mnyororo, huuvuta kitako chake chini, meno huachana, slaidi huendelea peke yake, hutupa nje ganda lililochomeka, huokota risasi mpya, na springi huirudisha mbele. Mtutu hupanda tena na kujifunga. Yote hayo hutokea kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho.

Siri yote ya bastola ya mashindano imo katika neno “tena”. Mtutu ukipanda tena, je, umekaa pale pale ulipokuwa?

Hesabu yake ni rahisi, na inatisha. Kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele kwenye M1911 ni kama milimita 165. Vilengeo vimefungwa kwenye slaidi, lakini risasi hutoka kwenye mtutu. Ikiwa mdomo wa mtutu umekaa pembeni kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita ukilinganisha na risasi iliyotangulia, basi kwenye karatasi iliyo yadi 50, ambazo ni kama mita 45.7, tundu litahama kwa karibu sentimita 2.8. Duara la alama 10 kwenye karatasi ya kawaida ya Marekani kwa umbali huo lina upana wa sentimita 8.5, yaani kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 4.3. Kosa linalokaribia unene wa unywele linakula zaidi ya nusu ya nafasi aliyo nayo mpigaji, kabla hata mkono wake haujatikisika. Na mkono wa binadamu hutikisika.

Kwa hiyo fundi alianza kwa kuikaza. Reli za fremu, zile kingo mbili ambazo slaidi hutambaa juu yake, ziligongwa taratibu kwa nyundo juu ya kipande cha chuma kilichokatwa kwa kipimo, hadi zikashuka kidogo. Slaidi yenyewe ilibanwa kwenye jiliwa hadi mbavu zake zikakaribiana. Sasa vitu viwili vilivyokuwa vikicheza havikuweza tena hata kuingiliana. Hapo ndipo ilipoingia kazi ya subira. Fundi alipaka mafuta yaliyochanganywa na unga wa msasa, akaisukuma slaidi kwa mikono mbele na nyuma, akaifuta, akapaka tena, akasukuma tena, mara mamia. Mwisho wake slaidi iliteleza kama droo ya kabati iliyotengenezwa na seremala asiye na haraka: hakuna mkwaruzo, hakuna mchezo.

Kisha mtutu. Mafundi gereji wa Nairobi wanalijua neno bushi. Mbele ya slaidi ya M1911 kuna bushi inayoushika mdomo wa mtutu, na kwenye bastola ya vita bushi hiyo ni pana kama kiatu cha kuazima. Fundi aliichonga mpya kwa ajili ya mtutu ule mmoja na slaidi ile moja, ikaingia kwa kubanwa. Nyuma, kitako cha mtutu kiliongezwa chuma kwa kulehemu, halafu kikapunguzwa kwa tupa hadi kikajaa nafasi yake kwenye slaidi. Vijino vya chini vilifanyiwa vivyo hivyo. Fundi akiipaka rangi nyeusi sehemu moja, akaikusanya bastola na kuifungua tena, alama iliyobaki ilimwambia mahali chuma kinapogusana na mahali kisipogusana. Akapiga tupa mara mbili. Akaikusanya tena.

Kazi ya namna hii haina njia ya mkato, na inaharibika kwa tupa moja iliyozidi. Chuma kilichoondolewa hakirudi bila kulehemu upya, na kulehemu upya ni kuanza upya.

Triga ilikuwa na elimu yake. Ndani ya bastola, ncha ya chuma isiyozidi ukubwa wa kucha huizuia nyundo isianguke. Pembe ya ncha hiyo, na ulaini wa uso wake, ndivyo vinavyoamua iwapo mpigaji atahisi triga ikikwaruza kama lango la kutu au ikivunjika ghafla kama kijiti cha kioo. Kanuni za mashindano ya bastola ya jeshi hazikumruhusu fundi kuifanya nyepesi apendavyo. Ilipaswa kubeba angalau ratili nne, yaani kilo 1.8, pungufu kidogo ya pakiti ya unga ya kilo mbili. Ufundi ulikuwa kuifanya ratili nne ihisike kama mbili. Mpini ulichongwa vitundu ili usiteleze kwenye jasho, na vilengeo vidogo vya vita vikaondolewa, vikawekwa virefu vyenye kingo kali, vinavyoonekana wazi hata jua likiwa usoni.

Mwisho bastola ilifungwa kwenye mashine isiyopumua, ikapigwa bila mkono wa mtu kuigusa isipokuwa kuvuta triga. Matundu yakisambaa kupita kipimo, ilirudi mezani.

Hata hivyo risasi mbovu huiaibisha bastola nzuri. Ghala la Frankford mjini Philadelphia lilitengeneza risasi maalumu za mashindano, na AMU nayo ikajenga chumba chake cha kujaza risasi, ambako baruti ilipimwa kwa uangalifu wa mfua dhahabu. Katika mashindano yaliyoruhusu, askari walitumia risasi nyepesi za madini ya risasi tupu, zenye kichwa bapa kinachokata tundu la mviringo safi kwenye karatasi. Katika yale ya bastola ya vita walipiga risasi nzito ile ile ya jeshi, yenye gramu 15 hivi, na teke lake lilikuwa lile lile.

Mashindano yenyewe ya Marekani ni marefu. Mpigaji hupiga risasi 270 kwa bastola za aina tatu, kwa mkono mmoja, na alama kamili ni 2,700. Baadhi hupigwa polepole kwa yadi 50, nyingine kwa yadi 25, tano kwa sekunde 20, kisha tano kwa sekunde 10. Katika zile sekunde 10 hakuna nafasi ya kusali. Bastola ikikataa kurudi mahali pake mara moja tu, siku imeharibika.

Matunda hayakuchelewa. William Blankenship, sajini wa AMU, aliutwaa ubingwa wa taifa wa bastola mara sita, nyingi zikiwa za mfululizo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1964 huko Tokyo Franklin Green wa kikosi hicho hicho alichukua fedha ya Olimpiki ya bastola ya mita 50. Mwaka 1974 Hershel Anderson, naye wa AMU, alipata alama 2,680 kati ya 2,700. Tuliseme kwa njia nyingine ili uzito wake uonekane: katika risasi 270 alipoteza alama 20 tu. Rekodi hiyo imewashinda watu kwa miongo mingi.

Bara la Afrika liliona matunda hayo kwa macho yake. Ubingwa wa dunia wa mwaka 1962 ulifanyika Cairo, na humo Gary Anderson, kijana wa Nebraska aliyeingia jeshini ili apate kufundishwa na AMU, aliondoka na mataji ya bunduki na rekodi za dunia. Ni bunduki, si bastola, lakini meza za mafundi zilikuwa za karakana moja.

Jeshi la wanamaji wa nchi kavu, yaani Marine, halikukaa kimya. Lilikuwa na karakana yake Quantico, Virginia, na mafundi wake wana namba yao ya kazi, 2112, inayotajwa kwa heshima popote wapenzi wa M1911 wanapokutana. Dhahabu ya kwanza ya bastola kwa Marekani baada ya Benner ilikuwa ya Marine: William McMillan, bastola ya kasi ya mita 25, Roma, mwaka 1960. Asichanganywe na yule McMillan wa maktaba ya Nairobi. Huyu wa Roma alishiriki Olimpiki sita, ya kwanza ikiwa 1952 na ya mwisho 1976. Ushindani kati ya Fort Benning na Quantico ulizifaa pande zote mbili, kwa sababu kila ujanja wa fundi mmoja ulionekana kwenye ubao wa matokeo, na fundi wa upande wa pili alirudi kwake akiwa na swali la kulala nalo.

Kuna wanaouliza kwa nini jeshi litumie mafundi na fedha kwa ajili ya kutoboa karatasi. Swali hilo lina haki yake, na majibu yake yamo kwenye kumbukumbu za vita. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanajeshi wa Marekani huko Vietnam walipohitaji bunduki ya kulengea mbali, haikubuniwa mpya. Ilichukuliwa M14 iliyokuwa imefanyiwa kazi kwa mashindano, ikawekewa darubini, ikawa M21. AMU ilishiriki kuibuni, na bunduki zaidi ya 1,400 zikabadilishwa kwenye ghala la Rock Island. Miaka ya 1980 mafundi wa Quantico walichagua fremu za zamani za M1911 kutoka maghalani, fremu za viwanda vile vile vya vita kuu, wakaziunda upya kwa mkono kwa ajili ya vikosi maalumu vya Marine. Mbinu za kukaza slaidi na kunyoosha triga zilitoka moja kwa moja kwenye meza ya mashindano.

Januari 1985 karakana ilipata mtihani wake mgumu kuliko yote. Jeshi liliamua kuachana na M1911 baada ya miaka zaidi ya 70, likachagua Beretta ya Italia, ikaitwa M9. Risasi ndogo zaidi, ya milimita 9. Magazini ya risasi 15. Kwa askari wa kawaida yalikuwa mabadiliko ya kawaida. Kwa fundi wa Fort Benning ilikuwa kama seremala wa mninga aliyeamka akaambiwa kuanzia leo afanye kazi ya vioo. Fremu ya Beretta ni ya alumini. Haigongwi nyundo ikatii kama chuma. Slaidi yake iko wazi juu, haina bushi ya kuushika mdomo wa mtutu. Mtutu wenyewe hauinami, hurudi nyuma ukiwa umenyooka, na hufungwa na kipande kilicho chini yake. Ujuzi wa miaka 30 wa kujua ni jino lipi lipigwe tupa haukuwa na pa kushika.

Walianza upya. Mitutu mizito iliyochongwa kwa kipimo cha kila bastola, namna mpya za kuushika mdomo wa mtutu, namna mpya za kuibana slaidi isicheze kwenye reli laini. Wapigaji wa zamani walinung'unika, na wengi wao waliamini kwamba M9 haitafika popote kwenye yadi 50. Miaka ya 1990 timu za jeshi zilikuwa zikisimama Camp Perry na M9 mkononi, na zikishinda. Hapa ndipo mtu anapoona tofauti kati ya taasisi na kikundi cha watu wenye vipaji. Kipaji kilikuwa kwenye M1911. Taasisi ilijua jinsi ya kujifunza.

Mwaka 2017 jeshi lilibadilisha tena, likachagua SIG Sauer, M17, ambayo mpini wake ni wa plastiki. Kambi nayo ilipewa jina jingine mwaka 2023, Fort Moore, kabla ya kurudishiwa jina la Benning mwaka 2025. Karakana haikuhama. Ndani yake wamo askari na raia, na raia ndio kumbukumbu ya nyumba, kwa kuwa askari huhamishwa kila baada ya miaka michache ilhali fundi raia hubaki na tupa zake. Timu nazo zimeongezeka, zikiwamo za bunduki na za bunduki za kuwindia ndege. Vincent Hancock alitwaa dhahabu ya Beijing 2008 na ya London 2012 akiwa sajini wa kikosi hiki, na Sagen Maddalena, naye askari wa AMU, alipata fedha ya bunduki ya mita 50 mwaka 2024 Paris.

Msomaji wa Nairobi ana sababu ya kuitazama historia hii kwa jicho la karibu. Mwaka ule ule wa 1956 AMU ilipozaliwa, Kenya ilipeleka timu yake ya kwanza kwenye Olimpiki, Melbourne, na walenga shabaha walikuwamo, kabla Wakenya hawajawa watu wa mbio machoni pa dunia. Mbio zikakua zikawa jina la nchi. Shabaha ikabaki mchezo wa wachache: wanajeshi kwenye viwanja vyao kama Stoni Athi, na raia wenye leseni wanaokwenda Kirigiti, Kiambu, wikendi.

Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda cha silaha ndogo huko Ruiru, chenye uwezo wa kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka. Ni hatua kubwa. Ila kiwanda na karakana ya mashindano ni vitu viwili, kama vile kiwanda cha mkate si jiko la mama. Kiwanda husifiwa kwa kufanya vitu 12,000 vifanane. Karakana husifiwa kwa kitu kimoja kisichofanana na kingine. Kutoka Kileleshwa hadi Hurlingham, yalipo makao makuu ya ulinzi, ni mwendo mfupi, na jambo hili lingestahili kufikishwa huko: nchi yenye mafundi wanaoweza kuchonga bushi ya matatu kwa tupa na jicho, kwenye joto la gereji za Grogan, haina uhaba wa mikono. Walichokosa mafundi hao ni meza iliyowekwa karibu na uwanja wa shabaha, na mtu wa kuwaletea karatasi iliyotobolewa.

Kila mwaka katikati ya kiangazi, karakana ya Fort Benning hufunga safari. Mafundi hupakia jiliwa, tupa, springi na mashine zao kwenye gari, wakaenda Camp Perry. Upepo wa Ziwa Erie hupiga pembeni, bendera zimenyooka, na kabla ya mashindano ya bastola ya jeshi wapigaji hupanga foleni. Mwamuzi ana uzani wa ratili nne wenye ndoano ndefu. Ndoano hutiwa kwenye triga, mpigaji akishika mpini, bastola ikitazama juu angani, nyundo ikiwa imevutwa nyuma. Kisha huinua polepole mpaka uzani uondoke mezani. Nyundo ikianguka, bastola hiyo haiingii mstarini, na mwenyewe hutoka foleni akielekea lilipo gari la mafundi, haijalishi ni sajini au ni kijana wa raia aliyekuja na baba yake. Fundi huifungua, huitoa ile ncha ndogo kama kucha, huitazama chini ya lenzi, huipiga jiwe mara mbili au tatu, huirudisha. Mpigaji hurudi kwenye foleni. Ndoano hutiwa tena. Uzani huondoka mezani, hubaki ukining'inia hewani, na nyundo imebaki juu.